Hodi ya Kitanda cha Tisa

Kitanda cha tisa kilikuwa kitupu, shuka limenyooshwa, mto umewekwa mahali pake, na kilikuwa kinaita. Kengele ya ukutani juu yake ililia mara tatu kwa kupumzika, halafu kipaza sauti kikasema kwa sauti ya msichana, taratibu, "Mama ameshafika?"

"Nipo, Sekela," alijibu mwanamke aliyekaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Alikuwa akipukuchua maharage mabichi kwenye ungo, na wala hakuinua kichwa.

Mimi ni mtu wa Songea, naitwa Theodosia Komba, na kazi yangu ni kutengeneza viendeshi, zile programu ndogo zinazokisemea kila kifaa mbele ya mfumo mkuu. Sina mazoea na mizimu. Kinacholia kina waya, na ukiufuata waya unafika. Hata hivyo, pale mlangoni, mvua ya Tukuyu ikipiga bati, vinyweleo vilinisimama mpaka nikashusha mikono ya sweta nisionekane.

Dakta Ambokile, mkuu wa Nyumba ya Ganzi, alinishika kiwiko akanitoa kwenye ukumbi.

"Umesikia mwenyewe," alisema.

"Nimesikia."

"Huyo binti tulimzika masika yaliyopita. Mama yake anapanda kila siku kutoka Masoko kuja kukaa na kitanda. Wauguzi wangu wawili wameomba uhamisho. Kesho nina wageni, fundi. Kata hiyo laini, tupate utulivu."

Wageni wenyewe hawakuwa wa kunywa chai. Walikuwa ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha kumi, kilichotazamana na kile cha tisa. Alikuwa dereva wa lori kutoka Singida, Mkumbo jina lake, na juu ya kichwa chake palitundikwa kibao cha bati chenye neno moja: HAYUMO.

Neno hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote wa kizazi chetu. Ganzi inamwacha mtu na akili zake zote ndani ya mwili usioweza hata kugeuza jicho. Kwa hiyo anawekewa kidude nyuma ya sikio. Akilitaka neno kwa nguvu, kidude kinapiga hodi kwenye mfumo, na mfumo unalisema kwa niaba yake. Kila nyumba ya ganzi inaishi kwa hodi hizo. Na yule ambaye hajapiga hodi hata moja tangu alazwe, muda wa sheria ukipita, anaandikwa Hayumo, ndugu wanaitwa, na mashine ya pumzi inazimwa. Mkumbo hakuwahi kupiga hata moja. Ndugu zake walikuwa wameshapanda basi.

Nilimwambia Dakta kazi ya kukata laini ni ya dakika chache. Ndivyo nilivyoamini wakati ule.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa stoo ya zamani ya jikoni, bado kinanuka vitunguu. Niliketi juu ya kreti la soda nikafungua laini ya kitanda cha tisa ili niifunge vizuri.

Kilichonizuia ni mapumziko. Waya ulioharibika haupumziki. Ukigusana vibaya unapiga kelele mfululizo mpaka mfumo unaelemewa, na hitilafu ya namna hiyo naweza kuitambua nikiwa na usingizi. Hii ilikuwa ikilia mara tatu, ikikoma kwa ustaarabu kama mgeni aliyekosa wa kumfungulia, halafu inakaa kimya mpaka itakapojisikia. Mara tatu hizo ni za kidude chenyewe, kimeundwa kurudia hivyo kisipoitikiwa. Lakini kuanza upya baada ya kimya si kazi ya kidude. Hiyo ni kazi ya mtu anayetaka kitu.

Nilijikuta nimegeuka kutazama mlango. Hapakuwa na mtu.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kifaa kinapotaka kusikilizwa hakisubiri zamu. Kinaukatiza mfumo mkuu katikati ya kazi yake. Mfumo unaacha lolote unalofanya, unauliza ni nani, unamhudumia, kisha unarudi ulipoachia. Nyumba ilipojaa, mafundi waliunganisha vitanda viwili viwili kwenye laini moja. Hilo si kosa. Kengele moja inaweza kutumikia vyumba viwili, ilimradi anayeifuata apite kila mlango akiuliza: ni wewe? Asipokuwa huyu, aende kwa yule.

Kiendeshi cha kitanda cha tisa hakikuwa kinaangalia. Kilipoulizwa kama hodi ni yake, kilisema ndiyo, siku zote, hata kama kidude chake kimezikwa pamoja na mwenyewe. Kikaitikia karibu, kikafungua kisanduku cha ujumbe cha Sekela, kikasoma kilichomo. Mlikuwa na maneno yake ya mwisho, ambayo hakuna aliyeyafuta. Mfumo uliridhika kwamba hodi imejibiwa, ukarudi zake kazini. Mlango wa pili haukuulizwa kamwe.

Nilimjua aliyeandika kitu kile ingawa sikuona jina lake. Ni mtu aliyelelewa kwetu. Kwetu hodi ikisikika unasema karibu kwanza, hata mdomo ukiwa umejaa ugali, halafu ndiyo unainuka kwenda kuona ni nani. Mtu wa malezi hayo akiandika kiendeshi, karibu inakuwa mstari wa kwanza na swali linakuwa mstari wa pili. Huyu aliandika ule wa kwanza, akasahau ule wa pili. Kwa miaka, kila kitanda kilipokuwa na laini yake, adabu zake hazikumdhuru mtu.

Na mwenzake Sekela kwenye laini ile alikuwa kitanda cha kumi.

Nesi Bupe aliniletea chai ya tangawizi. Ni mwanamke mnene, mpole, wa kucheka haraka, ila siku hiyo hakucheka. Nilimuuliza yule dereva aliletwa lini.

"Siku ileile aliyofariki Sekela. Mchana tulimpokea huyu, jioni tukampoteza yule."

"Ilikuwaje, dada?"

Aliweka kikombe juu ya mtambo, mahali pabaya kabisa, nami sikumkataza.

"Nilikuwa peke yangu, nagawa uji. Kitanda cha tisa kikaanza hodi. Anauliza, mama ameshafika? Nikamjibu kwa spika, bado mdogo wangu, mvua imefunga barabara, wewe lala. Akauliza tena. Nikamwambia lala. Akauliza, akauliza. Mwisho, fundi, nilipunguza sauti." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilipomaliza uji nikaenda. Bomba la pumzi lilikuwa limechomoka shingoni, limekandamizwa na mto. Mashine ilikuwa inapuliza mto ikidhani ni kifua. Tangu hapo najiuliza, mtu aliyekosa pumzi anapataje moyo wa kuulizia mama yake?"

Jibu nilikuwa nalo, na nililiogopa.

*

Mama Sekela alikuwa bado na maharage yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda kingine kama vile ukumbi ule ni kwake.

"Mama, Sekela huwa anakujibu?"

"Nikimwita anaita. Anarudia neno lilelile, lakini ananisikia. Hata ukiwa na kichwa kigumu, fundi, mtu anayekusikia unamjua."

"Naomba nijaribu jambo moja."

"Jaribu. Yeye hana hasira."

Nilimpa mgongo, nikainama juu ya kitanda cha kumi. Mkumbo alikuwa amelazwa ubavu, macho wazi, yakitazama pale yalipoelekezwa, yaani kwenye kitanda kitupu. Alikuwa na kovu dogo kidevuni na nywele zilizonyolewa vibaya. Nilisema polepole, karibu na sikio.

"Kaka, kama unanisikia, piga hodi. Ukishapiga, nyamaza mpaka nikuruhusu. Hata akuite nani."

Nyuma yangu kengele ililia mara tatu. "Mama ameshafika?" sauti ya Sekela ikauliza.

"Nipo," alisema mama. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwerevu kuliko mimi, akaita mwenyewe. "Sekela?"

Kimya. Mvua tu.

"Sekela, mwanangu?"

Nilisikia punje za maharage zikiacha kudondoka kwenye ungo. Aliita mara nyingine, kwa Kinyakyusa, maneno ambayo mimi siyajui lakini yalikuwa ya kumbembeleza mtoto. Kitanda cha tisa hakikujibu. Nilitamani niwe kwingine kokote.

"Sasa piga, kaka," nilisema, na kengele ikalia.

Nilipogeuka, Mama Sekela hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Mkumbo, kisha kitanda, kisha Mkumbo.

"Umekuja kumzika mwanangu mara ya pili," aliniambia.

"Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe. Bado nakusikiliza."

*

Dakta Ambokile alielewa haraka. Lazima nimtendee haki: jambo la kwanza alilofanya ni kupiga simu kuwaambia ndugu wa Mkumbo kwamba mtu wao yumo, na nilimwona akilazimika kuketi alipolisema. La pili ndilo lililotugombanisha.

Kurekebisha kwenyewe kulikuwa rahisi. Ni kuondoa kiendeshi cha kitanda cha tisa, na kukiandika upya kila kilichobaki kiulize kabla ya kukaribisha. Lakini kisanduku cha kitanda cha kumi kilikuwa kimejaa. Kila alichotaka kusema Mkumbo tangu siku ya kwanza kilikuwa kimekaa humo kwa mpangilio, kikisubiri mlango uulizwe. Nikifungua laini, mfumo utayasoma yote, ya zamani kwanza, kwa sauti. Na ya zamani kabisa yalikuwa ya jioni ile.

Kanuni ya ufundi inasema wazi: kabla ya kufungua laini iliyofungwa muda mrefu, futa hodi zilizorundikana, kwa sababu zinaomba msaada kwa mambo yaliyokwisha. Nimewafundisha vijana kanuni hiyo. Nimewafokea walioisahau.

"Basi futa," alisema Dakta. "Mtu yu hai, atasema mapya. Haya ya zamani yatamponya nani? Mkoa ukisikia mfumo ulimmeza mgonjwa, wataifunga nyumba hii kabla ya Jumatatu. Nina watu thelathini na kitu humu wanaopumua kwa mashine. Utawalaza kwako Songea?"

"Hitilafu nitairipoti hata hivyo. Iko kwenye kila nyumba iliyounganisha vitanda."

"Ripoti hitilafu. Hitilafu haina jina la mtu. Yaliyomo kisandukuni yana jina la Bupe, na yana jina la binti. Mhurumie yule mama, fundi. Anaamini mtoto alikufa usingizini."

Hilo ndilo lililonigusa, kwa sababu halikuwa hila. Nilirudi kwenye kreti langu la soda, nikaweka amri ya kufuta kwenye kioo cha kompyuta, nikaitazama. Kitufe kimoja, na kanuni iko upande wangu, na mkubwa yuko upande wangu, na huruma pia. Mama Sekela angerudi Masoko na huzuni aliyoizoea badala ya kupewa nyingine mbichi. Bupe angerudia kucheka siku moja. Wagonjwa wangebaki na dari juu yao.

Ila nilimfikiria yule mtu. Miezi yote ile akisikia jirani yake akiulizwa hali yeye haulizwi, akiona kibao kikitundikwa juu yake, akisikia tarehe ya kuzimwa ikitajwa mbele yake kama anavyotajiwa bei ya nyanya mtu asiyenunua. Alikuwa amesema. Alisema yote, na sisi tulikuwa tumeyahifadhi bila kuyasikiliza. Nikiyafuta ningekuwa nimefanya kwa makusudi kile ambacho kiendeshi kilifanya kwa ujinga.

Nikaona pia kwamba nilikuwa najiuliza swali lisilokuwa langu. Maneno yale yalikuwa ya Mkumbo, na msiba ulikuwa wa Mama Sekela. Mimi nilikuwa mtu wa waya.

Niliondoka kwenye kioo nikaenda kumwambia mama kila kitu. Bupe alinifuata, na nilipofika kwenye sehemu yake alinikatiza akaisema mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na ile ya kupunguza sauti. Mama Sekela alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Mimi niliambiwa usingizini," alisema.

"Ndiyo, mama," Bupe alijibu. "Nilikuambia mimi."

"Na hiyo sauti itakwenda?"

Nilimwambia kiendeshi kikiondoka, kisanduku cha Sekela kinaondoka nacho, lakini ningeweza kumwekea yale maneno kwenye simu ayasikie anapotaka.

"Sauti isiyoniita mimi nitaifanyia nini?" alisema. Hakulia, na mimi ndiye niliyetazama pembeni. "Nendeni mkamuulize mwenye maneno. Akitaka yasemwe, mimi nitakaa. Akitaka yafutwe, nitakaa vilevile."

Nilimwinamia Mkumbo nikamweleza. Akitaka yasomwe, apige. Akitaka yafutwe, akae kimya. Kengele ya kitanda cha tisa ililia kabla sijamaliza sentensi, na Sekela akaulizia mama yake kwa mara ya mwisho duniani.

Dakta alikuwa amesimama mlangoni. Hakunizuia. Alivua miwani akaishika tu.

*

Nilifungua laini.

Hakuna aliyewahi kurekodi sauti ya Mkumbo, kwa hiyo mfumo ulimpa ile ya kuazimisha, sauti ya mwanamume asiye na kwao, isiyopanda wala kushuka. Ilitoka juu ya kitanda cha kumi, chini ya kile kibao.

"Wauguzi, njooni. Bomba la huyu binti limetoka."

"Njooni jamani. Limetoka shingoni."

"Nesi, usimwambie alale. Si yeye anayeita. Ni mimi, wa kitanda kinachomtazama."

Bupe alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, kwenye sakafu, miguu imenyooka mbele. Mama Sekela alishika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili. Niliweka mkono kwenye swichi nikamtazama, akatikisa kichwa: nisizime.

"Nesi, ni mimi."

"Binti, vumilia. Naita tena."

"Naita tena."

Kisha ile sauti ikaenda kwenye mambo ya siku zilizofuata, na hayo yalitutesa kwa namna nyingine, kwa udogo wake. Kiu. Nzi usoni. Taa inamchoma. Tafadhali mumwambie dada yake kule Ilongero kwamba anasikia. Asiandikwe hivyo, yumo. Poleni na msiba. Halafu, tangu mama alipoanza kuja kukaa na kitanda kitupu, maneno yalibadilika, yakawa yanarudiwarudiwa kila siku: "Mama, si yeye, ni mimi." Baada ya muda yakabadilika tena. "Nipo, mama." Siku baada ya siku, hilo tu. "Nipo, mama." Alikuwa ameacha kujitetea, akaanza kumjibu.

Giza lilikuwa linaingia kisanduku kilipokwisha. Bupe aliinuka, akapanda juu ya kiti, akakitoa kibao ukutani akakipeleka nje kwenye mvua. Dakta alimpisha. Mimi nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi ambayo sikuhitaji kwa lolote.

Mama Sekela alizungumza bila kumgeukia mtu.

"Wewe baba. Ulikuwepo. Mwanangu alisema nini?"

Kengele ya kitanda cha kumi ililia, mara moja tu, kwa sababu safari hii iliitikiwa papo hapo. Ile sauti isiyo na kwao ilijibu.

"Hakusema, mama. Walikuwa wametulaza tunatazamana. Alikuwa ananitazama mimi."

Mama Sekela aliweka ungo chini. Alisimama, akazunguka upande wa miguuni wa kitanda cha tisa, akatafuta mahali macho ya yule mtu yalipokuwa yameelekezwa, katikati ya vitanda viwili. Akapiga magoti, akasogea kushoto kidogo, akashusha kichwa mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Basi nitazame," alisema. "Nami niyaone hayo macho."